Bei isiyo na nafasi ya mtu mwingine
Barua ya wazi kwa wasindikaji wadogo wa vyakula

Kwa wasindikaji wa siagi ya karanga, unga wa lishe, achari, asali, viungo vya chai na mvinyo wa rozela, popote mlipo nchini

Yah: Bei mnazoniletea dukani

Ndugu zangu,

Ninawaandikia kama mwenye duka wa Dodoma. Kila mwaka maonesho ya Nanenane yakishapita pale Nzuguni, wiki zinazofuata napokea wageni wenye mifuko ya sampuli. Wengi ni akina mama na vijana waliopita mikononi mwa SIDO, na bidhaa zao ni nzuri: chupa imefungwa vizuri, lebo inasomeka, nembo ya TBS ipo. Ladha haina ubishi. Tunaposhindwana ni kwenye bei, na sababu yake wengi hawaitegemei. Bei yao ni ndogo mno.

Najua mwenye duka akilalamikia bei ndogo watu humwona anatafuta njia ya kupandisha cha juu. Nivumilieni mpaka mwisho wa hesabu, kisha mnihukumu.

Mambo huenda hivi. Msindikaji ameuza siagi ya karanga bandani kwa shilingi 4,500 chupa ya gramu 400, na imeisha. Anakuja kwangu akiwa na moyo mkubwa, ananiambia, "Kwako wewe 4,200, uza 4,500 kama mimi." Katika zile shilingi 300 nilipe pango, umeme, kijana wa dukani, leseni, na chupa itakayoanguka sakafuni. Nikikataa kwa adabu na kuiweka 5,500, mteja anasoma namba ya simu kwenye lebo, anapiga, anaambiwa 4,500 na bodaboda anamletea mlangoni. Mwezi unaisha chupa zangu ziko palepale, zinashika vumbi. Msindikaji anapita kuulizia mauzo, anaondoka akiamini maduka hayathamini bidhaa za nyumbani.

Hapo hakuna mwovu. Kilichopo ni bei yenye mtu mmoja ndani yake, yule aliyeipanga. Yeye ndiye mnunuzi wa karanga, mkaangaji, mbeba mizigo, mpiga picha wa kuweka stetasi, na muuzaji. Maadamu anafanya yote hayo peke yake, bei inamtosha. Siku anapotaka kukua, lazima aingize watu wengine: kibarua, msambazaji, mwenye duka, benki, NSSF, TRA. Wote hao watakula kwenye chupa ileile. Bei ambayo haikuwahi kuwahesabu itampasukia mkononi, na mara nyingi itapasuka siku ya oda kubwa ya kwanza, siku ambayo jamaa zake wanampongeza.

Tuchukue karatasi. Nitatumia namba za mfano, nanyi mweke zenu. Chupa ya gramu 400 inahitaji karibu nusu kilo ya karanga mbichi, kwa kuwa kuna zinazotupwa wakati wa kupembua, kuna maganda, na kuna uzito unaopotea kwenye moto. Karanga zikiwa 4,000 kwa kilo, hapo kuna 2,000. Chupa na mfuniko 700. Lebo 150. Kukaanga na kusaga 250. Usafiri 150. Jumla 3,250. Msindikaji anaangalia bei yake ya 4,500, anatoa, anabaki na 1,250, na kuiita faida.

Sasa tuongeze wale waliosahaulika. Kibarua wa shilingi 15,000 kwa siku, akitoa chupa 50, anaingia kwa 300 kila chupa. Pango la 100,000 kwa mwezi, kwa chupa 1,000, ni 100, hata kama leo mnatengenezea jikoni kwenu, maana jiko hilo halitawabeba milele. Chupa zinazovunjika na za kuonjesha, 100. Halafu kuna mtu anayesahaulika kuliko wote, wewe mwenyewe. Ukijilipa 400,000 kwa mwezi, ambazo hazimtajirishi mtu, ni 400 kwa chupa. Jumla inafika 4,150, na bado hatujagusa faida.

Wengi mtasema, "Lakini mimi silipi kibarua, wanangu wananisaidia." Watoto watarudi shule, na oda haitasubiri likizo. Wengine mtasema nembo ya TBS mmeipata bure. Ni kweli, Serikali inawabeba wajasiriamali wadogo kwa miaka mitatu ya mwanzo. Ila msaada wenye mwisho haufai kuwa nguzo ya bei. Ruzuku ikiisha, ada itadai nafasi yake kwenye chupa, na mteja aliyezoea bei ya kipindi cha ruzuku hatajua kwa nini inapanda.

Twende mbele. Katika 4,150 weka faida ya 500, ile itakayonunua mashine ya pili. Bei yako ya kutoka kiwandani ni 4,650. Msambazaji akichukua asilimia 10 ya bei anayouzia, chupa inanifikia karibu 5,170. Mimi nikichukua asilimia 20 ya bei ya rafuni, mteja analipa karibu 6,500. Hapo ndipo ilipo bei halisi ya chupa mliyokuwa mkiiuza 4,500 kwenye maonesho. Tofauti ya 2,000 mlikuwa mnailipa ninyi, kwa usingizi wenu na kwa mtaji wa familia.

Tafadhali msiifunge barua hapa mkaenda kubandika 6,500. Mteja wangu hatainunua, kwa sababu pembeni yake rafuni kuna chupa ya kampuni kubwa inayonunua vifungashio kwa kontena. Hesabu hii faida yake ni kuonyesha pa kushika. Karanga huvunwa mwishoni mwa masika, na baada ya mavuno bei huwa chini. Miezi ya kabla ya mavuno mapya hupanda. Mkinunua za miezi mitatu kwa mkupuo, kwa 3,000 kilo, mkazihifadhi pakavu kwenye mifuko isiyopitisha hewa, mmeokoa 500 kwa chupa. Chupa na mifuniko mkiagiza wasindikaji kumi kwa pamoja badala ya kila mmoja kununua katoni mbili mjini, 700 inaweza kushuka hadi 500. Gharama inatoka 4,150 inakuwa 3,450. Weka 550 ya faida, niuzie kwa 4,000. Nikichukua asilimia 20 yangu, rafuni inakaa 5,000. Msambazaji mwacheni kwanza, leteni wenyewe kwa maduka ya mji mmoja. Kwa 5,000 kila mtu amekula, na mteja hajakimbia.

Kuna njia moja ya kupunguza gharama ambayo nawaomba msiiguse, nayo ni kuacha kupembua. Tunaoishi Dodoma hatujasahau mwaka 2016, watu walipopoteza maisha katika mkoa huu na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye nafaka. Karanga ni rafiki mkubwa wa fangasi anayeitoa sumu hiyo. Ninapoona siagi ya karanga imeshuka bei kuliko karanga zenyewe zinavyoweza kuruhusu, swali langu la kwanza ni zile zilizosinyaa na zenye ukungu zimekwenda wapi. Bei ya chini mno haimvutii kila mnunuzi. Mama anayemnunulia mtoto chakula huiogopa, na yuko sahihi.

Kosa lingine liko kwenye vipimo vidogo. Mteja wa mshahara mdogo anataka chupa ndogo, nanyi mnamtengenezea ya gramu 200 na kuigawa bei katikati: 2,250. Karanga kweli zimegawanyika nusu, ila mfuniko haukugawanyika, lebo ni ileile, na mkono wa kibarua umefunga chupa ile kwa muda uleule. Kwa namba zetu za mwanzo, karanga 1,000, chupa 500, lebo 150, kusaga 125, usafiri 100 na kibarua 300 zinafika 2,175 kabla ya pango na kabla yako. Chupa ndogo lazima iwe ghali kidogo kwa kila gramu. Wenye viwanda vikubwa wanalijua hilo, ndiyo maana pakiti ndogo dukani kwangu ndizo zenye faida kuliko zote.

Kuhusu punguzo nitasema kidogo. Ukiniuzia 4,000 na faida yako ni 550, kisha ukanipunguzia 200 ili "tusukume mauzo", faida imebaki 350. Ili upate fedha ileile uliyokuwa ukiipata kwa chupa 1,000, sasa unahitaji kuuza chupa 1,572. Punguzo la asilimia 5 limekuongezea kazi kwa zaidi ya nusu. Mwenye duka akikuomba punguzo, nami nikiwemo, mwombe naye kitu: alipe taslimu, achukue katoni nyingi zaidi, au akupe nafasi ya rafu iliyo usawa wa macho. Punguzo lisilo na malipo yoyote ni zawadi.

Hili linanileta kwenye mali kauli, mahali ambapo nimeona biashara nyingi nzuri zikizama. Supamaketi inakupa oda. Inaahidi kulipa baada ya siku 30, kisha siku 30 zinakuwa 60. Kwa chupa 1,000 za 3,450 kila mwezi, umeweka nje karibu shilingi milioni 6.9 kabla hujaona senti ya kwanza. Wakikupenda wakaongeza oda ikawa chupa 3,000, unahitaji milioni 20.7 za kusubiri. Ndivyo msindikaji anavyokuwa na oda mezani na hana fedha ya kununua karanga. Faida ipo kwenye daftari, mfukoni hakuna kitu. Anakwenda kukopa, na riba ya mkopo huo haimo kwenye bei.

Ukubwa wa jina la duka haulindi mtu. Uchumi ya Kenya ilifunga maduka yake Tanzania na Uganda Oktoba 2015 na kuwaacha wauzaji wakidai. Nakumatt, iliyokuwa imechukua maduka ya Shoprite nchini, nayo ikaondoka. Januari 2020 wadai wake walipiga kura kampuni ivunjwe. Zilikuwa supamaketi zenye taa nyingi, na zilikua haraka kwa kutumia bidhaa za watu ambazo hazijalipiwa. Waliovumilia kishindo kile ni wale ambao mauzo yao hayakuwa yameegemea mlango mmoja. Kwa hiyo mwenye kukopeshwa siku 60 asipewe bei sawa na mwenye kulipa taslimu. Subira ina gharama, na gharama hiyo iandikwe kwenye bei kama mnavyoandika karanga.

Sasa TRA. Nyote mnaujua uzito wa neno hilo, na wengi wenu mna mpango mmoja tu wa kukabiliana nalo: kubaki wadogo. Tuangalie kinachotokea. Kuanzia Julai 2023 kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kusajiliwa VAT kilipandishwa kutoka milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka. Kwa bei ya 4,000, milioni 200 ni chupa 50,000, yaani zaidi kidogo ya 4,000 kwa mwezi. Si mbali. Tenda moja ya shule za bweni na maduka ya miji mitatu vinakufikisha.

Ukishasajiliwa, na kama bidhaa yako haimo kwenye orodha ya misamaha, asilimia 18 inaingia. Usipopandisha bei, ndani ya ile 4,000 yako kuna kodi ya shilingi 610. Unaruhusiwa kudai kodi uliyolipa kwenye manunuzi, lakini karanga ulizonunua kwa mkulima hazikuwa na VAT, kwa hiyo sehemu kubwa ya gharama yako haina cha kudai. Kwenye chupa na lebo za 650 unarudishiwa kama 99, tena ikiwa aliyekuuzia amesajiliwa na alikupa risiti ya EFD. Zilizobaki 511 zinatoka kwako. Faida yako ilikuwa 550. Umebakiza shilingi 39 kwa chupa, na kazi imeongezeka mara nne.

Nami naona ukuta huo wa milioni 200 ungefaa kujengwa kwa ngazi, na vyama vyetu vya wafanyabiashara viendelee kulisema hilo kwa Wizara ya Fedha. Ila bei ya leo haiwezi kungoja sheria ya kesho. Anayejua kwamba miaka miwili ijayo atavuka milioni 200 aanze sasa kuisogeza bei kidogo kidogo, anunue vifungashio kwa wenye risiti, na achague bidhaa ambayo mteja anaipenda kwa sababu nyingine zaidi ya urahisi wake. Vivyo hivyo kwa wafanyakazi: mkimwandikisha mtu NSSF, mchango ni asilimia 20 ya mshahara na angalau nusu yake inatoka kwa mwajiri. Mwekeni kwenye hesabu kabla hajaajiriwa.

Mtaniuliza, bei inapandishwaje bila kumpoteza mteja aliyetuzoea? Nitawaambia ninachokiona kaunta. Mteja hachukii bei kupanda kama anavyochukia kudanganywa. Gramu zikipunguzwa kimyakimya chupa ikabaki na sura ileile, atajua, na hatasema, atahama. Bei ikipanda kwa 300 na mkaniambia mapema, nitamweleza, atanung'unika, atanunua. Pandisheni mara moja kwa mwaka kwa tarehe inayojulikana kuliko kupandisha kila karanga zinapoyumba. Na mteja wa kwenye simu auziwe bei ileile ya rafuni. Mkimuuzia 5,000 mlangoni kwenu, ile 1,000 ya ziada inalipa muda wenu wa kujibu ujumbe, kupanga bodaboda na kungoja. Hiyo ni kazi ya duka, na mkiifanya mna haki ya ujira wake. Mkiigawa bure, mnanivunjia mimi bei na mnajivunjia wenyewe mtandao wa maduka ambao mngeuhitaji mwakani.

Nisije nikaonekana nawatwika mzigo wote. Sisi wenye maduka tunawabana. Tunachukua bidhaa zenu mali kauli huku za kampuni kubwa tunalipia gari likiwa bado mlangoni. Tunarudisha zilizokwisha muda wakati sisi ndio tuliozisahau nyuma ya rafu. Tunashindanisha msindikaji na msindikaji mpaka wote wawili wanauza kwa hasara, kisha tunashangaa mbona bidhaa nzuri zinapotea sokoni baada ya mwaka. Bidhaa inayopotea inanigharimu nami, kwa sababu mteja anayeijia dukani haikuti, na siku hiyo hanunui hata sukari.

Wahenga wa sokoni walisema biashara asubuhi, jioni mahesabu. Wengi wenu asubuhi mnaijua sana. Naomba jioni nayo ipate haki yake.

Ombi langu ni hili. Kabla ya msimu ujao wa Sabasaba na Nanenane, kila mmoja aandike bei tatu kwenye karatasi moja: ya kiwandani, ya jumla na ya rejareja, pamoja na tarehe zitakapobadilika. Bei ya rejareja ndiyo iwe ya bandani, ya stetasi na ya rafuni. Mwenye duka atakayekataa karatasi hiyo akidai umpe ya chini, mwacheni. Wanaofunga bidhaa ya aina moja wakae pamoja waagize vifungashio kwa oda moja, na ofisi ya SIDO ya mkoa iwe mahali pa kukutania. Shirika hilo lipo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, litumieni kwa hesabu kama mnavyolitumia kwa mafunzo na mabanda.

Kwa upande wangu, atakayeniletea karatasi hiyo nitamlipa katoni ya kwanza taslimu, na zinazofuata ndani ya siku 14 kwa tarehe iliyoandikwa kwenye risiti. Nikichelewa, anidai nyongeza tutakayokuwa tumeiandika mapema. Sitauza chini ya bei yake ya rejareja wala juu yake. Bidhaa niliyoisahau mpaka ikaharibika, hasara ni yangu. Nawaalika wenye maduka wenzangu watie sahihi masharti hayohayo, kila mmoja katika mji wake, ili msindikaji asilazimike kuanza upya kila anapobisha hodi.

Wenu katika biashara,

Mwenye duka,
Dodoma